Daktari wa Meno wa Pasadena

Jumatano, 9 Oktoba
Hakuna picha iliyouzwa tangu ufunguzi. Bi Verna, mwenye jumba hili la picha, kasema hali ikiendelea hivi mmoja wetu ataondoka Jumapili: mimi au karani mwenzangu, Lyle. Lyle ana tatuu shingoni: pweza mwenye kofia ya mpishi. Wateja humdhania msanii. Mimi huvaa tai; huniuliza choo kiko wapi.

Lakini nina akili! Kibandiko chekundu kando ya picha maana yake imeuzwa, na Los Angeles nzima hukimbilia kinachouzwa. Nimekibandika penye picha asiyoitaka mtu: dubu wa katuni anajipasua tumbo huku akitabasamu, peremende zinamwagika. Salama kabisa.

Alhamisi, 10 Oktoba
Bi Verna kakiona. Kanikumbatia! Kauliza mnunuzi ni nani. Nikasema daktari wa meno, wa Pasadena, atakuja kuichukua Jumamosi. Kwa nini meno? Sijui. Lyle akauliza kama ndiye yule anayeng'oa mamba meno. Mchoraji, Ozzie Barragán, kapiga simu akilia. Hajawahi kuuza picha. Jumamosi atakuja kumshukuru daktari.

Ijumaa, 11 Oktoba
Balaa. Mama mwenye miwani ya madoa ya chui kasimama mbele ya dubu, machozi tele. Marehemu mumewe alikuwa daktari wa upasuaji. Anamtaka dubu kwa bei yoyote. Bi Verna akaniamuru nimpigie daktari, nimbembeleze amwachie. Nikajifungia chooni, nikatoka, nikasema kakataa katakata. Mama kavuka barabara, kanunua picha ya chura mwenye macho matatu kwenye jumba la jirani.

Nikiandika haya ndipo nagundua: daktari angeweza kukubali!

Jumamosi, 12 Oktoba
Ozzie kaja na mama yake na sufuria ya tamale, unga wa mahindi wenye nyama uliopikwa ndani ya maganda. Mlango ukifunguka tu, Ozzie anasimama, anaweka shati sawa. Tamale zikapoa. Sikuweza kuvumilia tena. Nikasema daktari amefariki ghafla. Mama Ozzie akafanya ishara ya msalaba, akaniambia haya mwanangu, tuzipeleke msibani, nyumbani kwake ni wapi?

Nikataja mitaa miwili tofauti. Bi Verna akakibandua kibandiko polepole.

Jumapili, 13 Oktoba
Nimefukuzwa. Lyle kanibebea sanduku hadi mlangoni, kasema pole ndugu yangu, angalau ungemlaza hospitali kwanza.

Bahati nzuri jirani wa ng'ambo anatafuta karani. Kauliza kama nina wateja wangu mwenyewe. Nikasema ninaye mmoja wa uhakika, jaji mstaafu wa Burbank. Kafurahi sana. Atamwandalia chakula Jumatano.