Marehemu Amekuja Maktaba

Jumatatu, 3 Machi 2025
Vumbi. Nakuru nzima ni vumbi, na skana yangu inapiga chafya kuliko mimi. Madam Nyakio, mkuu wa mradi wetu wa kuingiza hazina za maktaba kwenye kompyuta, ametangaza maonyesho Jumamosi. Atakayeleta mkusanyo bora wa historia ya wenyeji atabaki Nakuru kama msimamizi. Mwingine atapelekwa tawi dogo la Longonot. Tuko wawili: mimi Kimaiyo, na Jerotich. Jerotich anafunua magazeti ya zamani ukurasa mmoja mmoja, amevaa glavu, kama anayembadilisha mtoto nepi. Sitaki Longonot! Huko sina hata mtu wa kugombana naye.

Jumanne, 4 Machi
Wazo! Maisha ya mtu wa hapa yameandikwa wapi kwa ukamilifu? Kwenye programu ya mazishi, kile kijitabu wanachogawiwa waombolezaji! Alizaliwa wapi, akasoma wapi, akaoa nani, akaacha nani. Na picha za rangi! Nimeenda kwa Travis, anayezichapisha karibu na stendi. Akasema boss, chukua folda yote, hata nilitaka kuifuta. Jerotich ameuliza kama nimeomba ruhusa ya familia. Nikamjibu kwamba hakuna marehemu aliyewahi kulalamika. Akarudi kwenye magazeti yake. Wivu huo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimezipakia zote kwenye tovuti ya maktaba. Sikuzisoma. Nani ana nafasi ya kusoma watu wengi hivyo? Moja nimeichapisha kubwa, ya ukutani: Mzee Muiruri, mkulima wa viazi wa Mau Narok, mwenye kofia ya sufu na tabasamu. Tarehe ya kufa iliachwa wazi. Travis mzembe! Nimeijaza mwenyewe. Januari.

Ijumaa, 7 Machi
Simu. Mwana wa Muiruri. Majirani waliiona tovuti, wakafika nyumbani jana jioni na sukari, majani ya chai na nyimbo, wakamkuta marehemu uani akichagua mbegu za viazi. Kumbe mzee alilazwa Desemba, madaktari wakakata tamaa, na familia ikaandaa programu mapema kwa Travis. Halafu akapona! Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba ameshachapishwa. Nimesema pole. Akaniambia pole za majirani jana zinatosha. Sahani yangu ya githeri imenishinda kula leo.

Jumamosi, 8 Machi
Marehemu amekuja. Kofia ileile. Akasimama mbele ya ukuta akajisoma kutoka kuzaliwa hadi kufa, kidole kikifuata mstari. Mimi nyuma ya rafu ya kilimo, nikingoja bakora.

Bakora haikuja. Alipofika kwenye majina ya watoto alirudi juu, akasoma tena, kisha akauliza polepole Wangechi yuko wapi. Ni binti yake, kifungua mimba. Alikosana na kaka zake, akaenda Naivasha kufanya kazi kwenye mashamba ya maua, na kwenye programu kaka wamemruka kana kwamba hakuzaliwa. Mzee akaniomba nimwongeze, kwa kalamu tu. Nikamweleza kwamba mhifadhi kumbukumbu hagusi hati asili. (Tarehe ni jambo lingine.) Akaniangalia sana.

Jerotich akamvutia kiti, akawasha kinasa sauti, akamwambia, mzee, tuambie wewe mwenyewe. Akaongea hadi jioni. Akaimba hata wimbo aliombembelezea Wangechi akiwa mchanga. Madam Nyakio alilia. Mimi pia nilifuta machozi, na iliniuma kwamba nayafuta kwa kazi ya Jerotich.

Jumatatu, 10 Machi
Jerotich ndiye msimamizi. Aliuweka ule wimbo kwenye tovuti, Wangechi akausikia kwenye simu yake, na jana alifika Mau Narok. Mzee amemchinjia mbuzi. Kila mtu anamsifu Jerotich. Programu yangu iliyoanzisha yote, hakuna aliyeitaja. Shukrani ya punda ni mateke!

Kesho naenda Longonot. Mlima, reli, upepo na mimi. Nina huzuni, sifichi. Lakini nimefikiria sana nikaona nilipokosea: nilichelewa. Mzee angejisoma mapema, angerekebisha mapema. Longonot sitangoja familia wala mchapishaji, nitawaandikia watu programu zao mwenyewe wakiwa bado wanatembea. Nimesikia mkutubi wa huko, Bi. Jemutai, ana kikohozi kisichopona. Nimeshampigia simu kumwomba picha moja nzuri, ya rangi.