Miwani Isiyo na Vioo

Jumanne, 4 Juni

Leo nimeona miezi mitatu katika jioni moja. Mmoja ndio wenyewe, wa pili umeuegemea kwa nyuma, wa tatu sijui umezaliwa na nani. Nilisimama mlangoni nikiitazama mpaka mke wangu akauliza kama nimepoteza kitu. Nikamjibu hapana, nimezidishiwa.

Hakucheka. Habari za kiwandani zilikuwa zimeshamfikia. Nakata kadi kwenye kiwanda cha uchapaji, na leo nimekata kadi za harusi bunda zima, jina la bwana harusi likaenda na vipande vya taka. Bibi harusi amebaki anajioa mwenyewe. Bosi hakupandisha sauti. Alishusha pumzi tu, akasema nisiguse mashine mpaka nionane na daktari wa macho. Kwa sasa nafunga mabunda kwa kamba. Mtu mzima mimi.

Lakini hilo silo linaloniuma. Linaloniuma ni Kinyozi.

Kinyozi ni jirani yangu na adui yangu wa jioni. Tunacheza drafti kibarazani kwake kwa vifuniko vya soda, vyake chali, vyangu kifudifudi. Anayeshinda hukalia kile kiti chake cha zamani cha kuzunguka. Anayeshindwa hukalia ndoo. Siku hizi nikivua miwani kuipangusa, nikirudi nakuta ubao umebadilika. Kete niliyoiacha huku iko kule. Yule mtu ananiibia. Kweli, mara nyingine nashinda mimi, lakini hicho ni kipaji.

Alhamisi, 6 Juni

Kwa daktari wa macho. Binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu, na mpole kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Akanikalisha mbele ya mashine yenye duara za mwanga, moja ndani ya nyingine, kama maji yaliyotupiwa kijiwe. Nilizitazama mpaka nikasahau nilikuwa wapi. Akaniambia nipepese. Nilikuwa nimesahau na hilo.

Maelezo yake hayakuwa magumu. Kioo cha mbele cha jicho kinatakiwa kiwe mviringo kama mpira. Changu kimechongoka kama koni. Ndiyo maana taa za barabarani nimeziona zina ndevu. Miwani haiwezi kulifuata umbo hilo, hata ikiwa nene kama kitako cha chupa. Dawa yake ni lenzi ngumu, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, inayoelea juu ya machozi na kulipatia jicho uso mpya wa mviringo.

Nikauliza kama watu wataiona. Akasema hakuna atakayejua nimevaa.

Hapo wazo likatua kichwani kama ndege kwenye waya. Nitavaa lenzi kimyakimya. Juu yake nitavaa miwani yangu ya zamani, iliyotolewa vioo. Kinyozi ataendelea kudhani sioni, ataiba, nami nitamkamata mkono ukiwa ubaoni. Mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani.

Jumatatu, 10 Juni

Siku ya kujaribishwa lenzi. Nilikwenda na mpango: kusema kila kitu ni kizuri ili nipewe upesi.

Lenzi ya kwanza ilikuwa kama punje ya mchanga yenye pembe. Daktari akauliza kama inakwaruza. Nikasema hata kidogo, na machozi yameshafika kwenye ukosi wa shati. Akadondosha rangi ya njano jichoni, akazima taa, akaniangalia kwa mwanga wa buluu. Chumba kizima kikawa kama chini ya maji. Nilihisi naelea na kile kiti.

Alisema rangi inamwonyesha machozi yalipojaa na yalipokosekana, na kwamba lenzi imekaa juu ya ile ncha na kuisugua.

"Jicho lako linasema kweli, baba," akaniambia. "Tunakusubiri wewe."

Akabadilisha. Akabadilisha tena. Kisha likaja lile swali lao, ipi bora, ya kwanza au ya pili. Nikamuuliza watu wengi huchagua ipi. Akaweka kalamu chini, akasubiri. Nikaona nijaribu kusema ukweli, angalau mara moja, nione ladha yake.

Nilisoma mstari wa chini kabisa. Kisha nikageukia dirishani, na pale nje palikuwa na mti. Mti wenye majani. Jani, na jani, na jani, kila moja na ukingo wake, kila moja likitikisika kwa wakati wake. Miaka yote hii nilikuwa nimeuchukua mti kama bonge moja la kijani, nikaridhika.

Daktari akauliza kama naumia. Nikasema hapana. Hilo pia lilikuwa kweli.

Jumatano, 19 Juni

Lenzi zangu zimefika. Mke wangu alinisindikiza tukafundishwa wote wawili. Mikono ioshwe kwa sabuni na ikauke. Lenzi ioshwe kwa maji yake ya dawa, kamwe si ya bomba, na mate ndiyo usithubutu. Usilale nazo. Anza kwa saa chache, ongeza polepole.

Kuvaa nikaweza. Kutoa ndiko kulikonipiga chenga. Kuna kifaa kidogo cha mpira kinachoinyonya lenzi na kuitoa. Nilikibandika, nikavuta, kope zikanitoka. Lenzi haikuwepo pale. Ilikuwa imeteleza kwenye kona ya jicho, imejificha kama mtoto aliyesikia anaitwa kuoga. Nikamwambia Daktari imeshaingia kichwani, basi, tuizike huko huko. Mke wangu alicheka mpaka kioo alichonishikia kikacheza. Daktari akasema nyuma ya jicho hakuna njia ya kupita, akairudisha katikati kwa kunisukuma ukope.

Nyumbani nikavitoa vioo vya miwani yangu kwa kisu cha kumenyea. Mke wangu akanikuta. Nikamweleza mpango wote, nikitarajia sifa.

"Yaani umepewa macho leo," akasema, "na kitu cha kwanza unachotaka kukiona ni wizi?"

Akauliza kwa nini nisimwambie tu jirani kwamba sasa naona. Nikamwambia vita haitangazwi.

Alisema na mengine, sikuyasikia. Nilikuwa namtazama. Ana kovu dogo juu ya nyusi, na karibu nalo mikunjo miwili myembamba ambayo hakuna aliyenijulisha ilihamia lini. Mwanga wa dirishani ulikuwa umemwangukia shavuni, na shavu lina manyoya madogo, laini, kama ya tunda. Akauliza nina nini. Nikasema sina kitu. Nimekaa na mwanamke huyu miaka mingi nikimwona kama mtu aliyesimama upande wa pili wa mvuke.

Ijumaa, 21 Juni

Jioni ya kwanza ya upelelezi. Miwani tupu puani, lenzi jichoni. Nilijitia upofu kwa ufundi mkubwa. Ufundi ulizidi. Nilipapasa ndoo, nikaikosa makusudi, nikakaa hewani. Kinyozi akaniinua, akanipangusa suruali, akaniuliza kama nimeumia, Profesa. Profesa ndilo jina alilonipa kwa ajili ya unene wa miwani. Nilisema taratibu zangu ndizo hizo.

Hakuiba chochote. Nikashinda, nikakalia kiti cha kuzunguka. Jua la jioni lilikuwa limeingia kibarazani kwa ubavu, na ndani ya ule mwanga vipande vya nywele zilizokatwa vilikuwa vikielea, vinapanda, vinashuka, bila haraka, kama vimeambiwa leo hakuna kazi. Nikajizungusha polepole nikivifuata. Kinyozi akauliza nachekea nini. Nilikuwa nimesahau kabisa kumpeleleza.

Jumamosi, 22 Juni

Nimerudishwa kwenye mashine. Kadi zimekatika sawa kabisa, na mabwana harusi wote wako salama. Bosi akapitisha kidole ukingoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Siku njema, sina la kuongeza. Kesho nitatega mtego.

Jumapili, 23 Juni

Mtego ulikuwa huu. Nilichukua kete yangu nikaisukuma moja kwa moja kinywani mwa kingi wake, ile kete kuu ya vifuniko viwili, kama mtu asiyeona. Kisha nikainama kufunga kamba ya kiatu, jicho moja likichungulia.

Mkono wa Kinyozi ukaja. Polepole, kama wa mtu anayemtoa mbu kwenye uso wa mtoto aliyelala. Ukaichukua kete yangu, ukairudisha mahali salama. Kisha ukamwinua kingi wake mwenyewe, vifuniko viwili kwa pamoja, ukamtia mfukoni mwa aproni.

Nilibaki nimeinama. Ni wizi, ndiyo. Lakini alikuwa ameiba vya kwake.

Nikainuka, na hapo upepo ukapita, ukazoa nywele za sakafuni, unywele mmoja ukaniingia jichoni chini ya lenzi. Asiyewahi kupata unywele chini ya lenzi ngumu namwombea abaki hivyo. Nikapeleka kidole jichoni. Kidole kikapita katikati ya miwani bila kugonga chochote.

Kinyozi alikitazama kidole.

"Miwani yako haina vioo," akasema.

Nikamwambia kingi yuko mfukoni mwake.

Akakimbia kuniletea kopo la maji ya bomba. Nikamzuia nikipiga kelele kwamba ni marufuku. Basi akanishika mkono, akanipeleka nyumbani, akinionya juu ya mtaro na kizingiti, ingawa jicho la pili lilikuwa linaona kila kitu. Akanikabidhi kwa mke wangu kama mzigo. Akaondoka bila kuaga.

Alhamisi, 27 Juni

Daktari amekuta mkwaruzo mdogo. Nipumzike bila lenzi mpaka jicho lipone, na nikae mbali na nywele. Sikumwambia adui yangu anafanya kazi gani.

Dunia imerudi kuwa sufi. Taa zimeota ndevu tena. Nakiri zina uzuri wake, zinapumua. Lakini kila ninapotulia nakiona kile kiti cha kuzunguka, na najiuliza ni mara ngapi nilikikalia kwa haki. Ubao wa drafti umesimamishwa ukutani kibarazani kwa Kinyozi tangu Jumapili, unatazama ndani kama mtoto aliyeadhibiwa.

Mke wangu akasema kichwa changu kimekuwa kichaka, niende kunyolewa. Nikasema sihitaji. Akanipa kofia yangu, akafungua mlango.

Kinyozi alinifunga shuka shingoni, akaniwekea kitambaa safi juu ya macho. Nikamshukuru kimoyomoyo, maana sikutaka kuuona uso wake kiooni, hata kwa ukungu. Mkasi ukaanza. Ukafika juu ya sikio ndipo akasema.

"Ulikuwa unasogeza vifuniko vyangu ukidhani ni vyako. Ningekusahihisha kila mara ungeona haya. Ungeacha kuja. Mimi jioni ningecheza na nani, na kitana?"

Akanigeuza kichwa, akaanza upande wa pili.

"Ila mimi nilikuwa natazama kete," akasema. "Wewe ulikuwa unanitazama mimi. Kama mwizi."

Hilo likaniingia. Nikamwambia anisamehe, jirani. Nilisema kupitia kitambaa, lakini nadhani alisikia, kwa sababu mkasi ulitulia kidogo. Kisha nikauliza ni michezo mingapi niliyoshinda mwenyewe.

"Mingi tu."

Nikauliza mingi ni mingapi.

Akapuliza nywele shingoni kwangu, taratibu. "Inamisha kichwa," akasema.

Jumamosi, 29 Juni

Jicho limepona, lenzi zimerudi. Kibaraza kimefagiwa na kumwagiwa maji, hakuna unywele hata mmoja. Alikifagia mwenyewe. Tukacheza peupe, bila miwani, bila mifuko.

Nimeshindwa. Tukarudia, nimeshindwa. Niliiona kila kete ikija na bado ikanila. Inaelekea kuona na kucheza ni vitu viwili. Nikakalia ndoo mpaka ikaniachia alama.

Lakini uso wake, akishinda. Sikuwahi kuuona vizuri. Ana jino la mbele lenye pengo dogo, na akifurahi hulificha kwa ulimi, kama mvulana. Alijizungusha kwenye kiti chake, polepole, amefumba macho, na mwanga ukimpitia usoni, ukaondoka, ukarudi. Sikumbuki kumwona mtu aliyetulia hivyo. Na maskini alikuwa ameinyima nafsi yake raha hii kwa ajili yangu, jioni baada ya jioni.

Deni la wema hulipwa kwa wema. Nikiwa narudi nyumbani mpango ukanijia wote mzima: kuanzia sasa nitamwachia ashinde, kwa siri, asijue kamwe.

Nikamweleza mke wangu. Akauliza kama si tayari anashinda. Nikamwambia yeye hajui drafti. Kushindwa kwa sababu umeshindwa ni kitu kimoja, kushindwa kwa mpango ni kitu kingine kabisa, kina heshima yake. Shida iliyobaki ni moja tu. Mchezaji wa kiwango changu akishindwa kila siku, na macho yake ni mazima, mtu atashuku.

Jumatatu nitamwambia lenzi ya kushoto imepotea.