Mionzi Isiyozinduliwa

Ninayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba mashine ya mionzi ya hospitali yetu ni nzima, imepimwa, imewashwa, na hairuhusiwi kumtibu mtu yeyote. Haijazinduliwa. Mimi, Mkuu wa Itifaki, ndiye niliyefunga utepe kwenye mlango wa jengo, na fundo nililikaza kwa meno.

Wanung'unikaji hawakosi. Wa kwanza alikuwa Mama Pindo, fundi cherehani mwenye saratani ya kongosho. Uvimbe ulikuwa umejizungusha kwenye mishipa mikubwa ya damu, na madaktari wa upasuaji walishanyoosha mikono. Maumivu yalimwanzia tumboni yakatokea mgongoni, hata akawa analala ameketi, kaukumbatia mto.

"Mionzi huenda isiumalize uvimbe," daktari wa mionzi alimwambia mbele yangu, "lakini inaweza kuusinyaza na kukutuliza maumivu. Ukilala chali, ukala ukashiba, tutakuwa tumepata kitu."

"Nikilala chali nitakuwa nimepata dunia," akasema Mama Pindo. "Tunaanza lini?"

Nikaingilia kwa upole. Nilimweleza kwamba mionzi isiyozinduliwa haina hadhi, na kwamba Mheshimiwa Waziri, mgeni wetu rasmi, alikuwa bado anatafuta nafasi katika ratiba yake.

Wifi yake, aliyembebea mto, alinitazama kama anayetazama samaki aliyeoza. "Na huu ugonjwa, baba, nao umepewa ratiba?"

Nikamjibu kwamba swali lake limepokelewa.

Siku ya uzinduzi ikawadia. Kamati ya Sauti, ninayoiongoza mwenyewe, ilifanya jambo la busara: iliunganisha vipaza sauti vya uwanjani na vya chumba cha mashine, ili hotuba isikike mpaka kwenye kuta. Redio ilirusha matangazo moja kwa moja. Mheshimiwa alichelewa, kama inavyompasa mtu anayengojewa. Jua likapanda. Mama Pindo, tuliyemwalika apigwe picha akishukuru, alikuwa amejikunja kwenye benchi, jasho linamtiririka.

Daktari akamwangalia, kisha akaniangalia mimi. "Mpango wake wa matibabu uko tayari. Mama, twende ndani."

"Daktari, utepe!"

"Utepe wako, mgonjwa wangu."

Akauinua utepe, wakapita chini yake kama kuku wanaopenya uani. Wifi akabaki kwenye korido. Mlango mzito wa chumba cha mashine ukafungwa, taa nyekundu ikawaka.

Papo hapo msafara ukaingia kwa ving'ora. Mheshimiwa akapanda jukwaani, akarekebisha tai, akafungua kinywa.

"Usiongee," vipaza sauti vikasema.

Ilikuwa sauti ya mtaalamu wa mashine, akimwelekeza Mama Pindo kwa kipaza sauti cha ndani. Mheshimiwa akafunga kinywa.

"Mikono juu ya kichwa. Hivyo hivyo."

Mheshimiwa akanigeukia. Mimi yangu ilikuwa juu tayari. Amri ikitoka kwenye kipaza sauti rasmi, ofisa hahoji. Akainua yake. Wakurugenzi wakainua. Bendi ikaweka matarumbeta chini, ikainua.

"Vuta pumzi. Ishikilie. Usitikisike."

Uwanja mzima ukaishikilia. Inzi akatua puani mwa Mheshimiwa, akatembea apendavyo. Macho ya Mheshimiwa yakamtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Pumua."

Tukapumua kama matairi ya lori.

"Hodari wewe! Haya, tena."

Tukarudia. Nakiri kwamba katika utumishi wangu wote sijaona viongozi wakitekeleza jambo kwa umoja namna ile.

Hatimaye Mama Pindo akatoka, ameegemea bega la wifi yake. Wakasimama mlangoni, wakatutazama tulivyojipanga, mikono kichwani.

"Jamani!" wifi akapaza sauti. "Kumbe wamekamatwa?"

Redio ikairusha. Vigelegele vilivyofuata havikuwa kwenye ratiba. Mama Pindo alicheka mpaka akajishika tumbo, akilia "aii, aii," na bado anacheka. Mheshimiwa akashuka jukwaani, akaingia garini, akaondoka na hotuba yake mfukoni.

Mashine haijazinduliwa mpaka leo. Inatibu hivyo hivyo, bila hadhi. Majuma yalipopita Mama Pindo akaanza kulala chali, akimaliza sahani anatazama sufuria, na amerudi kugombana na wateja wasiojua vipimo vyao. Uvimbe bado upo, ila daktari anasema umesinyaa na umetulia.

Mheshimiwa pia.