Longi Iliyojaa Nyama Kwenye Geti la Msitu

Leo nimeaibika mbele ya mama mkwe. Na mjue bado sijawa mkwe.

Nawaandikia nikiwa nimejifunga leso kiunoni, nimekaa nyuma ya boma la ng'ombe kwa kina Kendi, huku upande wa Ruiri. Leso si yangu. Nitaeleza, msiniharakishe.

Kwa wale hatujuani vizuri, mimi ni Njeru, fundi wa nguo pale Embu mjini. Nashona sare za shule, na ukinibembeleza nashona suti. Kendi ndiye msichana ninayetaka kuoa. Mwezi ujao wazee wetu wanapanda Meru kubisha hodi kwao rasmi. Leo nilikuja tu kumsalimia baba yake, kimyakimya, aniambie siku gani inawafaa. Mama yake sikutakiwa kuonana naye hata kidogo. Kwetu na kwao mambo ni yale yale: mama mkwe unamheshimu kwa umbali, na kabla hujapelekwa na wazee wako, yeye hakujui na wewe humjui. Hata mkikutana sokoni, kila mtu anaangalia nyanya.

Basi nikavaa suruali yangu mpya, longi ya kijivu. Nilijishonea mwenyewe, mshono mara mbili, uzi wa nailoni. (Hiyo longi muikumbuke. Ndiyo mhusika mkuu.)

Kufika, Kendi akanikuta njiani kabla sijaingia uani.

"Baba hayuko," akasema. "Sajini amevunjika mguu."

Sajini ni dume lao la ng'ombe. Huku chini nyasi imeisha, kwa hivyo wenye kibali wanapeleka mifugo kulisha msituni huko juu. Jana jioni Sajini akateleza akaingia korongoni. Leo alfajiri Mzee Kirimi, babake Kendi, akapanda na majirani wawili wakamchinja huko huko, maana ng'ombe wa miguu mitatu hatembezwi, na gari haliwezi kumfuata. Ukishapita geti la msitu, kitu chochote chenye injini ni marufuku. Pikipiki, trakta, hata probox ya chifu. Unaingia kwa miguu, na unachotoa unakitoa kwa mgongo wako au wa punda.

"Wewe kaa hapa," Kendi akaniambia. "Watashuka tu."

Nikamwambia mwanaume hawezi kukaa kungojea nyama nyumbani kwa watu kama paka. Nitapanda nisaidie kubeba.

"Njeru, wewe ni mtu wa cherehani."

Sasa hapo aliniumiza. Aliposema hivyo hata kama msitu ungekuwa unawaka moto ningeenda. Alipoona sirudi nyuma, akaniletea dastikoti ya baba yake nisichafue nguo. Mzee Kirimi ni mtu mfupi. Mimi si mfupi. Lile koti lilinifika juu kabisa ya magoti, na vifungo viwili vya chini havikuwepo.

Pikipiki ikanishusha getini. Askari wa asubuhi, mzee mmoja mpole, alikuwa anajua habari yote ya Sajini. Akanionyesha kijia, akasema nifuate moshi. Nikafuata. Huo mlima wauone watu wengine. Nilifika kwa Mzee nikipumua kwa mdomo, masikio na magoti.

Alikuwa amekaa kando ya moto anachoma kipande cha maini. Nyama imepangwa vizuri juu ya majani. Ngozi imekunjwa, na juu yake kimewekwa kichwa cha Sajini, pembe na yote, macho yakinitazama. Majirani walikuwa wameshuka kwa kijia cha pili kutafuta punda, na magunia wakaenda nayo.

"Fundi," Mzee akasema. "Umekuja."

"Nimekuja kubeba, Mzee. Punda ni wa nini na mimi niko?"

Akaniangalia mikono. Akaniangalia viatu. Akanipa maini kwanza, Mungu ambariki, kisha akasema, "Kama unataka kubeba, beba kichwa na ngozi. Hapa kichwa na ngozi ndivyo hutoka kwanza. Nyama inafuata."

Sikuuliza sababu. Mtu akiuliza uliza sana ugenini ataonekana hajui kitu. Lakini moyoni nikawaza: kichwa? Nitoke Embu na longi mpya, nishuke mlima mzima, halafu nipeleke nyumbani kwa watu pembe na meno? Na ngozi mbichi inayonuka? Watasema huyu mkwe ametuletea mifupa, nyama kaachia punda. Nikaona Mzee ni mzee tu, ananihurumia, ananipa kazi nyepesi. (Kichwa cha dume si chepesi. Nilikijaribu kwa ujanja, nikakirudisha.)

Mzee akashuka kwenye kijito kunawa mikono. Na hapo shetani wa sifa akanishika mkono.

Nilitaka nyama nzuri, ile ya paja isiyo na mfupa. Gunia hakuna. Nikaangalia majani, yatapasuka. Nikaangalia koti, ni la Mzee na vifungo halina. Halafu nikaangalia longi yangu. Mshono mara mbili. Uzi wa nailoni.

Nyinyi msiniulize akili zilikuwa wapi. Fundi anajua nguvu ya kazi yake.

Nikaivua. Nikafunga miguu yake kwa chini na kamba ya katani. Nikaijaza nyama, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, halafu na pale katikati. Nikakaza mshipi juu. Nikaitupia shingoni, mguu mmoja ukashuka kifuani huku na mwingine kule, na sehemu ya kukalia ikakaa nyuma ya shingo yangu. Nikajisifu sana. Hata punda hapakiwi vizuri hivyo. Mpango wangu ulikuwa nikikaribia geti nijifiche kichakani, niangalie kama kuna watu, na kama wapo ningoje Mzee. Nikaondoka kabla hajarudi, ili anikute chini nimemaliza.

Mpango huo haukufika mbali. Kile kijia kina kona moja kali, na ukishaikata, geti liko mbele yako. Hakuna kichaka. Nilipokata kona, nikakuta akina mama wa kijiji wamekaa hapo getini na mabeseni yao. Wamekuja kupokea nyama.

Sasa jiwekeni mahali pao. Mnangoja ng'ombe. Halafu anatoka msituni mtu msiyemjua, amelowa damu hadi kwenye viatu, miguu uchi, na mabegani mwake ameketi mtu wa longi ya kijivu asiye na tumbo wala kichwa.

Mama wa kwanza aliachia beseni. Wa pili akasema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo ilinitisha, "Amebeba nusu ya mtu."

Askari akatoka kwenye kibanda. Si yule mzee wa asubuhi. Zamu ilikuwa imebadilishwa, na huyu alikuwa kijana mwenye bunduki na hamu ya kazi.

"Simama hapo. Mikono juu."

"Afande, naomba..."

"Mikono juu nimesema!"

Jamani, nilijaribu kumweleza kwa macho. Nilijaribu kuinua mikono hadi kwenye viwiko tu. Akasema juu zaidi. Nikainua. Na lile koti la mtu mfupi, lisilo na vifungo viwili vya chini, likainuka pamoja na mikono yangu.

Ndani nilikuwa na boksa. Nashukuru kwa hilo. Lakini mimi ni fundi, na fundi hatupi vitambaa. Boksa zangu nazishona kwa mabaki ya kazi. Hizi zilikuwa za sare ya watoto wa nasari, drafti za bluu na nyeupe, na kwa sababu sitaki kupoteza hata kipande, mfuko wa mbele bado ulikuwa na kibata cha njano, kifaranga wa bata aliyetariziwa.

Mama mmoja akasema, "Hiyo si ya nasari?"

Askari akasogea akaigusa longi na mtutu. "Hii ni nyama ya nini?"

"Ng'ombe, afande."

"Kichwa kiko wapi?"

"Kimebaki juu."

"Ngozi?"

"Iko na kichwa."

Akacheka bila furaha. "Nyama ikishavuliwa ngozi, nyati na ng'ombe ni ndugu. Kila mtu ninayemkamata hapa amebeba ng'ombe. Sijawahi kushika hata mmoja aliyebeba nyati. Ndiyo maana watu wa huku hutanguliza kichwa na ngozi. Mtoto mdogo anajua hivyo. Wewe ni wa wapi?"

Nikasema Embu. Niliona akina mama wanatikisa vichwa kama watu waliopata jibu.

"Ng'ombe ya nani?"

"Ya Mzee Kirimi."

"Vizuri. Mke wa Kirimi si huyu hapa." Akageuka. "Mama, huyu mtu unamjua?"

Nikatamani ardhi inimeze na nyama yangu. Katikati ya wale mama alikuwepo mmoja aliyesimama akiwa amenipa mgongo, leso begani, beseni limekumbatiwa kifuani. Alikuwa amegeuka tangu mikono yangu ilipopanda. Wengine wote walikuwa wanaangalia. Yeye peke yake alikuwa anaangalia barabara. Mama Kendi.

Kama akisema hanijui, napelekwa kituoni na kesi ya nyati, na hiyo kesi si ya mchezo. Na tuseme ukweli, hata nisipopelekwa, mwezi ujao wazee wangu watabisha hodi kwa nani? Mlango gani unafunguliwa mtu wa namna hii? Nilimpenda Kendi pale getini kuliko siku zote, na nikaona anapotea huku nimenyoosha mikono.

Mama hakugeuka. Akasema polepole, "Huyo simjui."

Askari akanisogelea hatua moja.

"Hajaletwa bado," akamalizia.

Askari hakuelewa. "Hajaletwa wapi?"

Lakini wale mama wengine walielewa, na wote kwa pamoja. Mmoja akapiga makofi, mwingine akakaa chini kabisa ili acheke vizuri. "Kumbe ndiye wa Kendi! Woi, kumbe ndiye fundi!" Na katikati ya zile kelele, Mama Kendi akatoa leso yake begani, akairusha kinyumenyume bila kugeuza shingo. Iliniangukia miguuni. Askari akanitazama, akaitazama leso, akasema, "Haya, jifunge. Lakini huendi popote."

Tukangoja. Nikakaa kwenye jiwe, longi yangu imelala chini kando yangu imenona kuliko mimi. Mwishowe Mzee Kirimi akakata kona, taratibu, na kichwa cha Sajini begani na ngozi imeviringishwa mgongoni. Nyuma yake majirani na punda. Akaweka kichwa chini mbele ya askari, akashika sikio la kushoto na kuonyesha alama ya boma lake. Askari akainama, akaangalia, akaweka bunduki begani.

"Huyu ni ng'ombe," akasema.

Mzee akanigeukia. Akaangalia leso, na nikaona ameitambua ni ya nani. Akaangalia longi.

"Fundi."

"Ndiyo, Mzee."

"Nilikuambia kitangulie nini?"

"Kichwa, Mzee."

"Na wewe umetanguliza nini?"

Kabla sijajibu, yule mama aliyekaa chini akanisaidia. "Ametanguliza matako!"

Mzee alijikaza. Mdomo ulimcheza, mabega yakamcheza, halafu akakaa juu ya ngozi ya Sajini akacheka mpaka akafuta machozi na kofia. Hata askari. Hata punda, kama mnataka kuniamini, alilia.

Wakamwaga nyama kwenye mabeseni. Mama mmoja aliigeuza longi ndani nje akitafuta pahali palipopasuka. "Hii kitu haijaachia hata uzi mmoja," akasema. "Huyu mtu anashona." Hilo ndilo neno zuri pekee nililosikia pale, na nilipenda lilivyosemwa kwa nguvu.

Sasa hivi longi imefuliwa, iko kwenye ua inadondosha maji. Mimi niko hapa nyuma ya boma na leso ya mama mkwe, kwa sababu nguo nyingine sina na jikoni sithubutu kusogea. Kendi ametoka kuniletea sahani ya nyama ya kuchoma. Alijaribu kuja na uso wa huruma. Alifika nusu ya njia akalazimika kuweka sahani chini.

"Mama anasema nini?" nikamuuliza alipopata pumzi.

"Anasema yeye hakuona chochote."

Nikashusha pumzi. Jamani, nilimpenda huyo mama.

"Halafu anauliza kama unaweza kumshonea gauni la siku ya wageni."

Wageni ni sisi. Siku ya wageni ni ile ya mwezi ujao, wazee wangu wakibisha hodi, na mwenye nyumba anataka gauni jipya la kutufungulia mlango. Nikajifuta macho kwa pindo la leso. Nikasema ni moshi, na moto wenyewe uko upande ule mwingine.

"Mwambie nitamshonea," nikasema. "Mshono mara mbili. Na kitambaa nitatoa mimi."

"Hapana," Kendi akasema, na akaanza kucheka tena. "Kitambaa atanunua mwenyewe. Anasema anaogopa utamwekea kibata."