Rais wa Soka la Nchi Tatu, Makao Makuu Katandala

Jumanne, 9 Juni 1998

Baridi kali. Upepo unaingia hadi kwenye godoro. Lakini leo nimepata joto la ajabu, na limetoka redioni.

Wamemchagua rais wa soka la dunia nzima. Jana, Paris. Kila nchi kura moja. Moja! Kisiwa ambacho ukipiga mpira kwa nguvu unaangukia baharini, kura moja. Nchi kubwa yenye milima na majangwa, kura moja. Nilikaa na kikombe cha chai mkononi mpaka kikapoa.

Halafu nikafikiri. Kusini kwetu hapa ni Zambia, lori moja tu mpaka Mbala. Magharibi ng'ambo ya ziwa ni Moba, Kongo. Nchi tatu zote zinacheza mpira. Nani rais wa nchi hizo tatu? Hakuna! Kiti kiko wazi tangu Mungu aumbe Ufipa.

Nimemweleza mke wangu Rozina. Alikuwa anapepeta ulezi uani. Akauliza kama rais analipwa. Nikamwambia ni heshima. Akauliza heshima inasongwa ugali au inakorogwa uji. Yule mama haoni mbali. Nimemsamehe.

Jumatano, 10 Juni

Nimekwenda kwa Mwalimu Valerian, katibu wa soka hapa mjini Sumbawanga. Mwalimu mstaafu, refa mstaafu. Aliwahi kulikataa bao langu pale uwanjani na mpaka leo anasema nilikuwa nimeotea. Sikuwa nimeotea.

Nilitegemea apinge. Hakupinga. Akasema wazo zuri sana, Baltazari, tuanzishe shirikisho, tuwe na kombe, fainali mwisho wa mwezi. Ila tufanye uchaguzi kwanza. Na yeye pia atagombea.

Msaliti! Wazo langu lilikuwa halijapata hata siku mbili.

Nikauliza kura ya Tanzania itapigwa na nani. Akasema na kamati ya mji. Kamati ya mji ni Valerian, shemeji yake, na shemeji wa shemeji yake. Basi Tanzania imekwisha potea, na mimi ni Mtanzania. Nisaidiwe na mataifa.

Zambia na Kongo. Mbili kwa moja. Urais.

Ijumaa, 12 Juni

Mbala. Nilikwenda juu ya lori la mahindi, nimekumbatia gunia la ulezi. Mvua za El Nino zimeitafuna barabara, na kilichobaki kimenitafuna mimi. Ulezi ni wa Rozina. Nitamweleza wakati muafaka.

Mwenyekiti wao anaitwa Bwana Sikazwe, anauza mablanketi. Mtu mpole. Yeye alizungumza Kimambwe, mimi Kifipa, tukaelewana kama ndugu waliogawanywa na geti la forodha. Nikamkabidhi gunia. Nikamwambia nikiwa rais, fainali ya kombe itachezwa Mbala. Akauliza, kweli Mbala? Nikasema Mbala hasa. Akauliza tena. Nikaapa.

Zambia ni yangu. Mgongo si wangu tena.

Jumapili, 14 Juni

Baada ya misa, Kongo.

Kwenda Moba ni kuvuka ziwa, na mimi maji nayaogopa. Lakini Kongo si lazima iwe Kongo. Pale mtaa wa Kizwite yuko kinyozi wangu, Fundi Kalenga. Kazaliwa Moba! Nimekaa kwenye kiti chake, povu shingoni, nikamteua Chama cha Soka cha Moba. Chote. Mwenyekiti, katibu na mjumbe mwenye kura.

Akauliza kama ni lazima ajue mpira. Nikamwambia katika ngazi za kimataifa swali hilo halijawahi kuulizwa.

Akanyoa upande mmoja. Halafu akasema chama chake ni kichanga, kinahitaji kuinuliwa kidogo. Kuinuliwa vipi? Akasema televisheni. Ile ya kibanda changu cha video. Na deki yake. Na jenereta, maana televisheni bila jenereta ni sanduku tu.

Wembe ulikuwa kooni. Sikuwa na nafasi ya kubishana. Nikasema sawa, mpaka uchaguzi upite.

“Njo vile, prezida,” akasema.

Prezida! Yaani rais! Nilisukuma mkokoteni mwenyewe kutoka Katandala mpaka Kizwite na sikusikia uzito.

Jumatatu, 15 Juni

Wateja wamekuja kibandani. Wamekaa kwenye mabenchi. Wameutazama ukuta. Nikawaeleza mambo ya diplomasia. Mmoja akasema televisheni imeonekana kwa kinyozi. Wakaondoka wote, na benchi moja wakaenda nalo.

Nimepita Kizwite jioni. Pamejaa. Watu wasio na nywele wanajidai wamekuja kunyolewa. Kalenga anakusanya viingilio. Nilipotaka kuingia akaniambia kwa upole nisimame mlangoni, viti vimekwisha.

Nyumbani, Rozina amegundua gunia halipo. Hakupiga kelele. Ameniamkia. “Shikamoo, Baba Adela.” Mke wangu wa ndoa! Nimeitikia marahaba, ningefanyaje? Sijawahi kuogopa hivi.

Jumatano, 17 Juni

Kombe bila kombe. Hatuna hata bakuli. Nikaenda mnadani kuwaza, na hapo nikakutana na Nyanda wa Kaoze, yule mfugaji wa Kisukuma. Ana dume jeusi lenye pembe kama mikono ya padri akibariki. Anataka kulitoa liwe zawadi ya mshindi.

Nikakubali kabla hajamaliza. Akasema ana sharti. Fainali ichezwe Kaoze.

Nikamuuliza kwa nini Kaoze, kule bondeni, kwenye joto. Akafikiri kwanza. “Mheshimiwa, kule tunaitwa wageni,” akasema. “Baba yangu amezikwa kule. Watoto wangu wamezaliwa kule. Bado ni wageni. Ila mtu akikukaribisha kwake ukacheza na ukala, huwezi tena kumwita mgeni. Mgeni unakuwa wewe.”

Nikampa mkono. Nikasema fainali ni Kaoze. Akaushika kwa mikono yake yote miwili. Amesema vijana wataanza kesho kung'oa visiki.

Nilipokuwa narudi kuna kitu kilinibana kifuani. Baridi hiyo. Nitatafuta koti zito zaidi.

Alhamisi, 18 Juni

Kampeni, sokoni. Nimepanda juu ya kreti ya soda. Nimesema enzi mpya imefika, soko huria, vyama vingi, na sasa soka bila mipaka! Makofi. Mtu akauliza fainali itachezwa wapi. Nikatazama zile nyuso.

Nikasema Sumbawanga.

Makofi makubwa! Kina mama wamepiga vigelegele. Mtu asiyewahi kupigiwa vigelegele asinihukumu.

Jumamosi, 20 Juni

Siku ya uchaguzi. Naandika kwa hasira, mwandiko unisamehe.

Sikazwe alifika ukumbini na pikapu ya mashabiki wanaoimba. Kalenga alifika kwa miguu amevaa tai. Valerian alikuja na mashemeji. Mimi nilivaa suti ya harusi yangu, vifungo viwili vya chini havifungi.

Nikawa nimeanza hotuba. Mlango ukafunguliwa, akaingia Nyanda, mavumbi mpaka kwenye nyusi. Wamepanda ule mlima wote kutoka bondeni kwa miguu, wazee na vijana. Na lile dume wamekuja nalo, likachungulia dirishani. Akavua kofia, akasalimu wote, akasema uwanja uko tayari, amekuja kuuliza timu zifike Kaoze siku gani.

Sikazwe akasimama. Kaoze? Yeye Mbala wameshapaka chokaa magoli.

Mashemeji wakasimama. Mbala? Kwani si Sumbawanga?

Valerian, yule nyoka, akasema kwa sauti laini ya darasani kwamba labda Ndugu Baltazari atufafanulie.

Nikafafanua. Kipindi cha kwanza Mbala, cha pili Kaoze, na penalti Sumbawanga. Mpaka sasa sioni kasoro katika mpango ule. Dunia haiko tayari kwa watu wa aina yangu.

Kelele zile! Nyanda peke yake hakupiga kelele. Alinitazama tu. “Watoto wameng'oa visiki kwa mikono,” akasema, akakaa.

Wakapiga kura. Tanzania, Valerian. Halafu Sikazwe akasema Zambia inampendekeza kinyozi. Nikapiga ukelele. Kwa nini kinyozi? Akasema, “Huyu hajaniahidi kitu, kwa hiyo hajanidanganya.” Kongo ikajipigia kura yenyewe bila kupepesa.

Kalenga mbili. Valerian moja. Mimi, mwanzilishi, sifuri! Hata kura ya kujipigia sikuwa nayo.

Nikasema mtu huyu hawakilishi Kongo, anawakilisha wembe! Valerian akauliza ni nani aliyemteua. Nikaanza kuhangaika na vifungo vya suti.

Uamuzi wa kwanza wa rais mpya: fainali ni Kaoze, wiki ijayo, kwa sababu penye dume ndipo penye fainali. Nyanda alisimama akashika mikono ya watu wote ukumbini. Hata mkono wangu. Kalenga akatangaza kwamba kwa mchango wangu nitanyolewa bure maisha yangu yote.

Nimekataa! Heri nifanane na simba.

Jumapili, 21 Juni

Siutambui uchaguzi. Siutambui ushindi. Simtambui Kalenga. Nimesimama mbele ya duka la kinyozi asubuhi nzima na ubao ulioandikwa kwa chaki RUDISHENI USHINDI. Watu waliusoma, wakaingia ndani kutazama televisheni yangu.

Mchana akaja Rozina. Nikajua amekuja kuniunga mkono. Akanipita. Akaingia ndani, sikusikia kilichosemwa, ila jenereta lilizimika. Akatoka na televisheni kichwani juu ya kata ya kanga. Nyuma yake Rais wa Soka la Nchi Tatu amebeba deki, anasema pole mama, pole mama.

Kibanda sasa ni cha Rozina. Kufuli jipya. Mimi nimepewa kukata tiketi mlangoni. Nikamwambia mtu wa hadhi yangu hakati tiketi. Akasema basi anaweza kukata kuni.

Nimekata tiketi. Kwa maandamano, nimezikata zikiwa zimepinda.

Jumapili, 28 Juni

Kaoze. Nilikwenda kuvuruga, naandika wazi bila woga.

Lori lilishuka ule mlima likinusa makorongo. Chini, joto kama pumzi ya tanuri. Nikavua makoti yote. Na uwanja ule! Umenyooka, mistari ya majivu, magoli ya miti mibichi ambayo bado ina majani. Watu wa bonde lote wamejipanga, wanawake na vitenge vipya. Nyanda katikati, shati jeupe limepigwa pasi. Anawakaribisha watu wa Sumbawanga na Mbala mmoja mmoja, karibuni kwetu, karibuni kwetu. Wakajibu ahsante, tumekaribia. Hata Valerian, aliyezoea kuwaita “watu wa ng'ombe”, akainama kidogo alipompa mkono.

Kabla filimbi haijapulizwa nikaenda nikalala katikati ya uwanja. Chali. Nikapaza sauti kwamba hakuna mpira mpaka haki itendeke.

Wakadhani jua limenipiga. Kina mama wakanibeba. Mimi, mpinzani, nimebebwa mikono na miguu kwenda kivulini na kunyweshwa maziwa ya mgando huku napepewa kwa kanga. Kila nikitaka kutamka madai yangu, wananiongezea maziwa.

Basi nikautazama mpira. Ulikuwa mpira mzuri. Nimelazimika kuandika hivyo. Mbala waliwashinda Sumbawanga kwa bao la kichwa. Dume likakataa kupanda pikapu, likavunja taa ya nyuma, Sikazwe akasema basi tulile hapa hapa, wote.

Wakati wa kula Nyanda akaja akachuchumaa karibu yangu na kipande cha mbavu. Akasema alinikasirikia sana pale ukumbini. Akasema hata hivyo, bila mimi kusema uongo wangu, fainali isingefika Kaoze. “Leo wametuita wenyeji,” akasema. “Nimewasikia kwa masikio yangu.”

Nikaing'ata ile mbavu. Mafuta ya mbavu yaliniingia machoni, yote mawili.

Nimekula. Nimekula sana. Kwa maandamano.

Jumatano, 1 Julai

Nimemweleza Rozina kwamba nimemalizana na soka. Kwa dhati. Mchezo umeingiliwa na wanasiasa. Akaweka chini tiketi alizokuwa anapanga, akanitazama usoni, akasema ahsante Mungu. Chakula cha mchana kilikuwa na samaki.

Baada ya kula nimekaa barazani peke yangu, natazama njia. Akapita mtu kwa baiskeli na mkaa. Akapita mwingine na mkewe nyuma. Akapita katekista. Akapita mtu na mbuzi, mbuzi amekaa kama abiria.

Nikaacha kijiti cha meno kikaanguka.

Baiskeli! Ufipa nzima iko juu ya baiskeli. Mbala wana baiskeli. Na hakuna shirikisho. Kiti kiko wazi! Nimeshatoka mara moja, kimyakimya, mpaka stendi ya mabasi, wakati Rozina anaosha vyombo. Mashindano yataishia kwao, nimewaahidi watu wa Laela. Na watu wa Matai. Hawajuani.