Herufi Nne Kwenye Diski ya Ramadhani

Jumatatu, 14 Desemba 1998

Daktari amesema moyo wangu umechoka, kwa hiyo naandika wazi. Nimeficha hili miaka mingi: programu ya nyakati za swala, ile ambayo mtaa wote unafungia na kufuturia, ina jina la mke wangu ndani yake. Kwenye orodha ya diski inaitwa ZAYD, jina langu. Nilibadilisha mwenyewe, kazi safi. Ndani bado ni MIZA. Yeye alibonyeza vitufe tu. Mawazo yalikuwa yangu. Mengi, angalau.

Leo Imamu kaja kunijulia hali. Anataka programu ihamie kwenye kompyuta mpya ya Hiba, binti wa Talal, kabla sijafa. Alilisema kwa adabu zaidi. Jina la mwandishi litachapwa juu ya ratiba kila Ramadhani. Kila Ramadhani! Nililia kidogo. Talal, muuza vitambaa, aliyekuja naye, akauliza imekuwaje mtu anayeshindwa kuwasha redio yake akaandika programu. Huyo ndiye aliyefuturu mwaka jana kwa mlio wa mzinga wa vita milimani, akidhani magharibi imeingia.

Jumanne, 15 Desemba

Hatari. Ijumaa Hiba ataunganisha kompyuta mbili kwa waya, na yote yaliyomo kwenye faili yataonekana kwenye skrini.

Nieleze, maana wajinga ni wengi. Orodha ya diski ni kibao cha mlangoni tu. Mwanzoni mwa faili lenyewe kuna kichwa: jina lililopewa siku ya kwanza, aina yake, urefu wake, na mahali litakapokaa kwenye kumbukumbu ya mashine. Ukibadilisha kibao, kichwa hakina habari. Kinaendelea kusema MIZA.

Lakini ninayo programu ya kuandika juu ya diski, herufi kwa herufi. MIZA, herufi nne. ZAYD, herufi nne! Zinaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Miza amelala baada ya adhuhuri. Nimeandika. Mimi ni mtu hatari.

Jumatano, 16 Desemba

Msiba. Programu haifunguki. Skrini imejaa takataka.

Nimesoma kitabu cha mashine, kwa Kifaransa, bila kamusi. Kumbe kila herufi kwa mashine ni namba, na kichwa kinabeba jumla ya namba zake. Mashine inajumlisha upya kila inapofungua. Jumla isipolingana, inaamua hapakuwa na kichwa kabisa, na faili lote inalisoma kama maandishi ya kawaida. Hesabu za jua zinasomwa kama maneno ya mlevi.

Nakala ya akiba? Nilihifadhi hotuba zangu juu yake. Diski mpya haziingii nchini tangu nchi jirani zituwekee embargo. Hotuba ni nzuri, hata hivyo.

Alhamisi, 17 Desemba

Nimejumlisha mwenyewe. Kila mara jibu jipya.

Nikamtumia Imamu habari kwamba umeme umeharibu kitu, labda tungoje mwakani. Akajibu kwamba haiwezekani. Jioni hakuna anayetoka, kwa amri ya kutotembea, na milio ya risasi ikianza kitongoji cha Musaga adhana haisikiki. Bila ratiba watu watafuturu kwa kubahatisha, kama Talal.

Ikabidi Miza. Nilimwambia mashine imeugua. Aliweka chini sinia la mchele, akatazama skrini, akaliona ZAYD juu ya takataka, akahesabu kwa midomo. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu zaidi.

"Baba Nasser, jina yako inapita yangu na saba. Ongeza saba mu total, itafunguka."

Nilimuuliza, kwa sauti ndogo, kama angependa nirudishe lake.

"Ni we unakufa, apana mi. Acha nimalize muchele."

Niliongeza saba. Ikafunguka! Mikono yangu bado ina ufundi.

Ijumaa, 18 Desemba

Barazani kwa Talal, baada ya swala. Imamu, majirani, Hiba na waya wake. Skrini ikawaka: ZAYD, juu kabisa. Nilimtazama Talal kwa utulivu mkubwa.

Kisha Hiba akaendelea kushuka. Sikujua kuna kushuka. Akasema mstari wa kwanza wa programu ni maelezo, mashine huuruka, na akausoma kwa sauti:

"Miza ameandika hii kwa Zayd, asile daku wakati alfajiri imeshaingia."

Baraza lilicheka mpaka Talal akatafuta kiti. Miza, mlangoni, alitazama viatu vyake. Talal aliniuliza kama kwa miaka yote hiyo sikuwahi kusoma hata mstari wa kwanza.

Nikamuuliza: nani mwingine katika mji huu amewahi kuandikiwa programu? Jina langu lilikuwamo tangu mwanzo, ndani zaidi ya kichwa. Nimemwagiza Hiba achape juu ya ratiba "Miza", na chini yake "kwa Zayd". La chini liwe na herufi kubwa kidogo.

Sasa moyo ni mwepesi, nimalizie. Sikusoma mstari ule kwa sababu sijui kusoma programu. Hesabu zote ni za Miza, na mawazo yote.

Mimi nilinunua diski.