Mlima Wangu wa Dirishani

Jumatatu, 3 Juni
Gazeti limetoka. Safu yangu ya mlima iko ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la mabati! Nimesimulia nilivyolala kileleni, nikaoga ukungu mweupe wa alfajiri. Ukungu kweli nauona, kila nikianika nepi. Huko juu sijakanyaga. Mlima ni mchumba wangu, na ukimchunguza sana bata humli. Wifi kasoma, kacheka, kasema mimi na mlima tunajuana kwa dirisha tu. Kijicho hicho.

Jumatano, 5 Juni
Balaa! Mhariri kapiga simu. Jumamosi yeye na mpiga picha watapanda nami, wasomaji wanataka kuniona kileleni. Nikikataa, safu anapewa mwingine. Nikajibu karibuni sana. Simu chini, nikakimbilia dirishani. Leo mlima umerefuka. Nimembembeleza wifi anielekeze njia. Kasema niulize ukungu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimefunga bendeji mguuni. Mhariri kapiga, kapokea mume wangu. Ukweli utamuua mwanaume huyu! Kasema mguu mzima kabisa, asubuhi nilikuwa nikimchezesha mtoto, naruka kama mbuzi. Nimemnunia hadi chakula cha jioni. Njaa ikanishinda.

Jumamosi, 8 Juni
Tumepanda. Mtoto mgongoni, mimi nyuma ya wote. Mlima si mchumba, ni mama mkwe: ukidhani umemaliza, kuna kingine. Nusu ya njia, ukungu wangu huo! Unatoka kwenye tanuru la matofali. Mchoma matofali kafurahi kunijua. Kumbe ndimi yule dada niliyeoga ukungu? Basi moshi ni wake, karibu nioge tena! Mpiga picha kacheka hadi kakaa chini. Mhariri hakucheka. Kasema turudi.
Kabla hatujageuka, mwanangu kanyoosha kidole bondeni. Paa letu, dogo kama kibiriti, nepi zinapepea. Kaita mama, akidhani niko kule naanika. Nikamwonyesha uso wangu. Kicheko alichotoa!

Jumapili, 9 Juni
Mhariri kanipa nafasi ya mwisho: niandike nilichokiona kwa macho yangu tu, la sivyo safu ni ya wifi. Kumbe alishaiomba, nyoka yule! Sawa. Nimeandika moshi, tanuru, paa letu, kidole cha mwanangu. Kweli tupu. Mlima nimeusamehe, sasa tunaheshimiana. Nikasoma tena, machozi yakanilenga.
Ila ukurasa haujajaa. Nimeweka chui. Mmoja tu, tena mdogo.